Nyimbo za matusi na vijana: tunayoamini na yaliyo kweli

Kila kibao chenye maneno mazito kikitoka, mabishano huwa yaleyale. Wazazi wanasema kizazi kinaangamia, vijana wanajibu kwamba wazee wamesahau ujana wao. Kwangu mimi swali kubwa ni jingine: wimbo huo unamfundisha kijana amwoneje mwenzake? Zipo dhana tunazozirudia kila siku ambazo zinatuzuia kulifikia swali hilo.

"Zamani muziki ulikuwa safi"

Haukuwa. Mwaka 1978 utawala wa Mobutu ulimtia gerezani Franco Luambo, gwiji wa rumba, kwa nyimbo zilizohesabiwa kuwa za aibu. Taarabu imefumba mambo ya chumbani kwa vizazi, na waliokuwa wakiinuka kwenda kutunza walikuwa wanaelewa vizuri kinachoimbwa. Tanga wana baikoko, ngoma ya kukata viuno. Unguja, Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alipiga ngoma ya unyago na kuwafunda wari mambo ya mwili na unyumba bila kuficha.

Lakini unyago ulikuwa na mlango. Aliyeingia ni mwari aliyekwisha kuvunja ungo, na kando yake alikaa kungwi wa kumweleza kila kilichoimbwa na kuchezwa. Sisemi unyago hauna kasoro. Kuna mahali ulimsogeza binti kwenye ndoa kabla hajapevuka, na hilo halitetewi. Ila wimbo haukumfikia mtoto wa miaka saba akiwa peke yake. Leo baikoko imetoka uani ikapanda jukwaani, vigodoro, zile ngoma za usiku za uswahilini, vinakesha katikati ya mtaa, na matatu ya Kenya iliyojaa wanafunzi inapiga gengetoni, muziki wa vijana wa mitaani, alfajiri. Matusi hayakuanza leo. Kilichopungua ni mtu mzima wa kuyaeleza.

"Akizisikiliza ataharibika"

Hapa utafiti unatudai subira. Mwaka 2006 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha matokeo ya watafiti wa taasisi ya RAND waliowafuatilia vijana 1,461 waliokuwa na umri wa miaka 12 hadi 17 walipohojiwa mara ya kwanza. Waliosikiliza zaidi nyimbo zinazodhalilisha, zile ambazo mwanamume ni mwindaji asiyetosheka na mwanamke ni kitu cha kutumiwa, walielekea kuanza ngono mapema kuliko wenzao. Nyimbo zilizotaja mapenzi ya mwili bila udhalilishaji hazikuonyesha uhusiano huo. Nilitamani kila anayebishana juu ya maadili asome matokeo hayo, kwa sababu yanatofautisha vitu viwili ambavyo sisi tunavitupa kapu moja.

Hata hivyo, kwenda pamoja si kusababishana. Huenda kijana aliyekwisha kuvutwa na mambo hayo ndiye anayezitafuta nyimbo hizo. Mwaka 2011 Laurence Steinberg na Kathryn Monahan walizichambua upya takwimu za utafiti mwingine wa Marekani, uliohusu muziki, filamu, televisheni na magazeti kwa pamoja. Walipowalinganisha vijana wanaofanana kwa malezi na tabia, hawakuona kwamba vyombo hivyo vinaharakisha kuanza ngono. Kwa hiyo anayesema wimbo mmoja umemharibu mwanawe anasema zaidi ya ushahidi uliopo. Malezi, marafiki na usimamizi wa nyumbani vyote vimo.

"Hawasikilizi maneno, wanafuata mdundo"

Hii ndiyo dhana ya wasanii na mapromota, nami naikataa kabisa. Mwaka huohuo wa 2006, Peter Fischer na Tobias Greitemeyer walichapisha majaribio waliyoyafanya Ujerumani. Wanaume waliosikilizishwa nyimbo zinazowadharau wanawake, kisha wakaambiwa wampimie mtu mwingine sosi ya pilipili kali, walimwekea mwanamke pilipili nyingi kuliko waliosikiliza nyimbo za kawaida. Wanawake waliosikilizishwa nyimbo za kuwachukia wanaume nao waliwageuzia wanaume ukali. Kipimo hicho ni cha muda mfupi, hakithibitishi mabadiliko ya maisha. Lakini kinaonyesha kwamba maneno yanaingia, na yanaingia hata kwa watu wazima.

Na ndiyo maana siwezi kukubali kwamba suala hili ni la kuwalinda mabinti tu. Mvulana wa miaka kumi na mitatu anayejifunza kwenye kiitikio kwamba "hapana" ya msichana ni madoido naye anaharibiwa, na atakayeumia kwa somo hilo ni mwingine.

"Wimbo ukifungiwa, umekwisha"

Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa la Tanzania liliufungia wimbo wa Diamond Platnumz na Rayvanny. Desemba, baada ya kuuimba jukwaani, wakafungiwa kutumbuiza ndani na nje ya nchi. Nchi nzima ikawa inauzungumzia, hata wasiousikia kabla. Marufuku ya redio haiwezi kufika kwenye simu ya mtoto wala kwenye memori kadi inayozungushwa shuleni.

Kenya mwaka 2019 kulitokea jambo ambalo kwangu lina uzito zaidi. Wimbo mmoja wa gengetoni uliochezea ubakaji uliondolewa YouTube baada ya Wakenya wenyewe, wanawake wengi miongoni mwao, kupaza sauti. Hawakulalamikia kutajwa kwa ngono. Nyimbo nyingine za gengetoni ziliendelea kupigwa. Walisema: huu unasifu kumlazimisha mtu. Msikilizaji aliyejua mpaka uko wapi alifanya kazi ambayo orodha ya nyimbo zilizofungiwa haiifanyi.

"Ukizungumza na mtoto unamfungua macho"

Macho yamekwisha kufunguka, pengine na spika ya jirani. Mapitio ya tafiti yaliyoegemewa na mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018 yaliona kwamba elimu ya mahusiano na ujinsia haiwaharakishi vijana kuanza ngono. Mzazi anayeona haya amwachie shangazi, babu au mwalimu anayeaminika, kama ilivyokuwa desturi. Wala hahitaji hotuba. Kibao kikipigwa sebuleni, amuulize mtoto: huyu dada anayeimbwa, wapi amesema anataka? Wewe ungependa dada yako azungumziwe hivi? Kisha amsikilize mpaka amalize, asimkatize kwa ukali, maana mtoto akigombezwa kwa jibu lake la kwanza hatatoa la pili.