Shahada ya menejimenti haigawi vyeo vya umeneja

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na mzazi mwenye hasira za kweli, kwa nini kijana wake aliyehitimu menejimenti ya rasilimali watu ameitwa kwenye usaili wa nafasi ya afisa daraja la pili wakati yeye "amesomea umeneja". Mimi ni afisa rasilimali watu, nimekaa muda mrefu upande wa meza unaouliza maswali, na jambo hili limenichosha kiasi kwamba ni afadhali niandike jibu moja nitakalokuwa ninalituma kwa kila anayeuliza.

Watazameni wanaosimamia kazi nchini Tanzania. Meneja wa mkoa wa TANROADS, wakala wa barabara, ni mhandisi, na wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani vilevile. Mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa hospitali au kituo cha afya, ni mtu wa tiba, mkuu wa shule ni mwalimu. Hao wamepanda kupitia taaluma zao, na baadhi yao ndipo wakarudi chuoni kusoma shahada ya uzamili ya utawala wa biashara, wakiwa tayari wana watu chini yao na bajeti ya kuitolea maelezo. Hata Taylor na Fayol, waasisi wa nadharia ya menejimenti ambao wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza wanawakariri usiku kucha, hawakusomea fani hii: wa kwanza alikuwa mhandisi wa mitambo Marekani, na wa pili, mwenye zile kanuni 14 za menejimenti, alikuwa mhandisi wa migodi Ufaransa.

Shahada ya menejimenti inakupa kada, yaani kundi la kazi za fani moja, na ndani ya kada unaanzia chini kama daktari au mwanasheria anavyoanzia chini. Katika utumishi wa umma utaanza daraja la pili, uende la kwanza, kisha uafisa mwandamizi, kisha uafisa mkuu. Aliyesoma ununuzi na ugavi anasajiliwa na PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, na anayeelekea uhasibu ana mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, mbele yake. Hayo yanajulikana, sitayarefusha. Kwenye sekta binafsi wengi wanaanza kama maafisa mauzo, au maafisa mikopo katika benki na taasisi ndogo za fedha, kazi ambazo wazazi wanazidharau bila sababu, kwa maana afisa mikopo anayejua kusoma biashara ya mteja kabla ya kuidhinisha deni anafanya menejimenti kuliko wengi wenye neno hilo kwenye kadi zao.

Linaloniudhi zaidi ni uzembe wa kuchagua kozi bila kuuliza ni menejimenti ya nini. Tangazo la Sekretarieti ya Ajira, inayoendesha usaili wa utumishi wa umma, lina sehemu ya sifa za mwombaji, na sifa hizo hazitungwi na msaili asubuhi ya usaili. Zinatokana na muundo wa utumishi wa kada husika, yaani waraka wa serikali unaopanga madaraja na sifa za kada hiyo, ambao unataja fani zinazokubalika. Mwombaji ambaye cheti chake kina jina pana la kuvutia, lililobuniwa na chuo ili kujaza madarasa, anaweza kuachwa nje wakati masomo aliyosoma yanafanana kwa sehemu kubwa na ya mwenzake aliyeitwa. Je, huo ni uonevu? Mara nyingine naona ni uonevu, na sina hakika kwamba kupima watu kwa jina la kozi kunatuletea walio bora. Hata hivyo anayechuja maombi mengi ana karatasi mbele yake, hana moyo wa mwombaji, na karatasi ndiyo atakayoulizwa na mkaguzi. Kwa hiyo matangazo ya miaka michache iliyopita yasomwe kabla ya kujaza fomu ya udahili, wala si baada ya mahafali.

Na kazi yenyewe haina uhusiano mkubwa na kutoa amri. Sehemu kubwa ya siku yangu ni ikama (idadi ya watumishi wanaohitajika), likizo, bajeti ya mishahara, na kumzuia bosi asijiingize matatani. Bosi anasema, "Huyu aondoke leo." Mimi ndiye ninayepaswa kumweleza, kwa adabu, kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri athibitishe sababu halali na pia utaratibu wa haki, kwamba mfanyakazi lazima aelezwe tuhuma na apewe nafasi ya kujitetea, na kwamba akiachishwa ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mwizi aliyeshikwa na mali mkononi bado anaitwa kwenye kikao, jambo ambalo wakurugenzi wengi hulisikia kama utani.

Hapa nina shaka ambayo wahadhiri wataninunia. Shule iliyoanzishwa Mzumbe mwaka 1953, iliyokuja kuwa sehemu ya IDM (Chuo cha Uongozi wa Maendeleo) mwaka 1972 na hatimaye chuo kikuu mwaka 2001, ilifundisha machifu, madiwani na watumishi wa mamlaka za wenyeji, yaani watu waliokuwa na madaraka tayari. Sisi leo tunamfundisha uongozi wa kimkakati kijana wa miaka 20 ambaye hajawahi kusimamia hata mtu mmoja, kisha tunashangaa anapofika kazini akiwa na istilahi nyingi na hajui kuandika barua ya kumtaka mtumishi ajieleze. Sijui kama dawa ni kupunguza nadharia au kuchelewesha somo lenyewe.

Ninachojua ni kwamba fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, inapotezwa. Mwanafunzi anawekwa masijala, kwenye ofisi ya majalada, kutoa nakala za barua hadi muda uishe, naye anaridhika kwa sababu atagongewa muhuri. Aombe kusaidia kuandaa makadirio ya ikama, na pale ofisi inaporuhusu, kwa sharti la kutunza siri, aombe kuandika kumbukumbu katika kikao cha nidhamu. Nikimkuta mwombaji kwenye usaili anayeweza kunieleza hatua za kikao hicho kwa mpangilio, wala sitamuuliza kanuni za Fayol.