Siki haikamati rangi ya pamba

Siku mbili kabla ya Idi, kanzu ya mume wangu iliingia kwenye beseni nyeupe ikatoka na mabaka ya waridi. Kwenye beseni lile lile nilikuwa nimetia kizibao cha binti yetu mdogo, nilichokifuma kwa uzi wa pamba na kuutia rangi nyekundu mwenyewe hapa nyumbani Wete, Pemba. Uzi ule niliuloweka usiku kucha kwenye siki na chumvi ili rangi ishike, kama nilivyofundishwa. Baba watoto hakusema neno, aliazima kanzu kwa kaka yake. Mimi ndiye niliyekosa usingizi, maana maneno yale ya siki na chumvi nilikuwa nimeshawafundisha wenzangu wengi, na wao wameshawafundisha wengine.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyachambua mambo tunayoambizana kuhusu uzi. Mengi yana punje ya ukweli ndani yake, na punje hiyo ndiyo inayotuponza.

"Loweka kwenye siki na chumvi, rangi haitoki"

Siki inafanya kazi, ila kwa uzi mwengine. Sufu ya kondoo ni nywele. Imejengwa kwa protini, kama kucha zetu na kama hariri, na rangi za sufu zinataka tindikali ndiyo zing'ang'anie. Siki ni tindikali. Pamba ni mmea, imejengwa kwa selulosi, kitu kile kile kinachojenga karatasi, na hapo siki haina la kufanya.

Chumvi nayo ina kazi yake, lakini ni wakati rangi bado imo sufuriani: inaihimiza rangi iyaache maji iingie kwenye uzi. Uzi ukishatiwa rangi na kukauka, kuuloweka kwenye maji ya chumvi ni kupoteza chumvi tu.

Kinachofunga rangi kwenye pamba ni magadi soda, pamoja na rangi iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Rangi hizo zilianza kuuzwa mwaka 1956. Zikikutana na magadi zinajifunga na selulosi yenyewe, zinakuwa sehemu ya uzi, na wala hazihitaji kuchemshwa: maji ya uvuguvugu na subira ya saa kadhaa zinatosha. Kazi kubwa inakuja baadaye, kwenye kusuuza. Suuza kwa maji baridi, kisha kwa maji ya moto na sabuni, rudia mpaka maji yawe meupe, kwa sababu ile rangi iliyobaki bila kujifunga lazima itoke, na isipotokea kwako itatokea kwenye kanzu ya mtu. Siku hizi nikienda dukani namuuliza muuzaji maswali mawili: rangi hii ni ya pamba? Inataka magadi? Akinijibu kuwa inashika kila kitu, naaga.

Na ile rangi ya unga tunayochemshia ukindu wa misala na mikeka? Kwenye ukindu inapendeza sana. Lakini mkeka haufuliwi kwa sabuni kila wiki, na jani si uzi. Usiipeleke kwenye nguo ya mtoto.

Kabla hujafua chochote ulichokitia rangi, kata kipande cha uzi, kifunge ndani ya kitambaa cheupe kilicholowa maji ya moto, kiache robo saa, halafu fungua uangalie. Robo saa hiyo ingeniokolea Idi nzima.

"Manjano haitoki, angalia doa la mchuzi"

Hapa kila mama wa nyumbani ana ushahidi mkononi bila kujua. Doa la mchuzi wa manjano likipakwa sabuni ya mche linageuka jekundu. Ni kwa sababu sabuni ina ualkali, na rangi ya manjano inageuka wekundu kila inapokutana na ualkali. Kisha mama zetu wanafanya nini? Wanaianika ile nguo juani, na doa linafifia mpaka linatoweka. Basi jua hilo hilo linaloisafisha kanzu iliyomwagikiwa biriani ndilo litakaloula uzi wako wa manjano. Manjano inashika pamba kwa haraka na kwa uzuri, hilo si uongo, ila haihimili jua. Ifumie kitu kinachokaa ndani.

Ukitaka rangi ya jikoni yenye maisha marefu zaidi, weka kando maganda ya vitunguu maji. Chemsha uzi wa pamba kwanza kwenye majani ya chai au maganda ya komamanga, upate tanini, kile kinachokausha ulimi kwenye chai kali, kisha uloweke kwenye maji ya shabu, halafu ndiyo uuchemshe na maganda ya vitunguu. Shabu na tanini ndizo zinazoshikana na rangi. Utapata rangi ya dhahabu inayoelekea kahawia. Zamani magome ya mikoko nayo yalitoa wekundu wa kutu kwa tanini hiyo hiyo, lakini mikoko yetu ina kazi ya kuzuia bahari isile ardhi, na mimi simshauri mtu kuibambua.

"Rangi ya miti ni salama, ya dukani ni sumu"

Piko, ile hina nyeusi ya kupambia mikono, inayouzwa leo mara nyingi imechanganywa kemikali ya rangi ya nywele, na wapo mabibi harusi waliobaki na makovu mikononi. Hina halisi haiwi nyeusi. Kwa hiyo neno "asili" lisikutulize mapema. Rangi za viwandani zenyewe zilianza kwa nia njema kabisa: mwaka 1856, kijana wa miaka 18 huko London, William Henry Perkin, alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, akapata zambarau. Iwe ya miti au ya dukani, sufuria ya kutilia rangi isirudi kupikia wali.

"Nimenunua uzi wa sufu"

Mara nyingi hukununua. Yale mabonge laini ya rangi kali yanayoitwa sufu madukani, mengi ni akriliki, uzi unaotokana na mafuta ya petroli. Jaribu mwenyewe, juu ya sahani ya bati, na watoto wakiwa mbali. Chukua kipande kifupi kwa koleo ukisogeze kwenye moto. Pamba inawaka na kunuka kama karatasi, majivu yake mepesi unayapuliza yanapeperuka. Sufu ya kondoo inawaka kwa uvivu, inanuka nywele zilizoungua. Akriliki inayeyuka, inatoa moshi mweusi, na mwishoni unabaki na punje ngumu kama shanga.

Nimelisisitiza hili kwa sababu nimeona vishikio vya sufuria vilivyofumwa kwa akriliki. Kinachoyeyuka motoni kitayeyukia kiganjani mwako. Vishikio ni vya pamba, tena unene wa mara mbili.

Na ukichukua akriliki ukaichemsha na maganda ya vitunguu au magadi, itatoka kama ilivyoingia. Umepoteza mkaa.

"Sufi ni pamba ya kienyeji, inasokoteka"

Majina yanafanana, sufi na sufu, na tunda la msufi likipasuka, ndani ni jeupe kuliko mawingu. Niliwahi kujaza kapu la sufi nikitaka kuisokota. Haisokoteki yenyewe. Ukiitazama nyuzi ya pamba kwa hadubini utaona imejipinda kama utepe, ndiyo maana zinakamatana. Nyuzi za sufi ni fupi, zimenyooka, zina nta, zinateleza. Hata maji haziyataki, na ndiyo sababu zilijazwa kwenye maboya ya kujiokolea baharini. Iache sufi kwenye mito na magodoro, huko haina mpinzani.

"Kusokota na kufuma tumeletewa na Wazungu"

Hili ndilo linaloniuma. Nenda pwani ya kusini mashariki ya Unguja wakati maji yamekupwa. Wanawake wamefukia makumbi ya nazi kwenye mchanga, wameyaegemezea mawe, wakayaacha miezi mingi. Yakishalainika wanayafukua, wanayaponda kwa gongo mpaka usumba unatengana na kumbi, wanausuuza na kuuanika. Kisha ukae karibu na bi mkubwa mmoja uitazame mikono yake. Anachukua vishungi viwili vya usumba, anavipitisha baina ya viganja, vyote viwili vinazunguka upande mmoja huku vikikutana na kuzungukana kwa upande wa pili. Mizunguko hiyo miwili inayopingana ndiyo inayoizuia kamba isifunguke. Ukiufungua uzi wowote wa kiwandani wenye nyuzi mbili utakuta kanuni hiyo hiyo.

Kusokota pamba nako si kugeni katika mwambao huu. Wachimbuzi wa Kilwa wamefukua vigurudumu vingi vya kusokotea, baadhi vikiwa vimechongwa kwenye vigae vya vyungu. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa aliandika kuwa Waislamu wa Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo, walisokota pamba nyingi nzuri, wakafumua vitambaa vya buluu kutoka Cambay, bandari ya Bara Hindi, na kuvifuma upya pamoja na nyuzi zao nyeupe. Ama kufuma kwa sindano, soksi kongwe za aina hiyo zilizosalimika zimetoka Misri, miaka mia kadhaa iliyopita. Ni za pamba, nyeupe na buluu ya nili, na baadhi zimepambwa kwa mtindo wa hati ya Kikufi, mwandiko wa Kiarabu wa zamani.

"Huku hakuna baridi"

Mtoto mchanga hupoteza joto haraka, hasa aliyezaliwa kabla ya siku zake, hata Pemba, hata chumba kikiwa na joto kwako wewe. Kofia na soksi za pamba zina maana. Usiweke kamba ndefu ya kufungia shingoni, wala matundu yanayoweza kunasa vidole.

"Ni kazi ya asiye na kazi, na ni ya wanawake"

Mvuvi anayeshona nyavu zake anafuma. Wanaume wa visiwa hivi wanashona kofia za kiua, tundu kwa tundu, kwa wiki nyingi. Kwangu mimi uzi unaingia kwenye nafasi ambazo siku inaziacha: nikingoja zamu hospitali, nikingoja nazi ichemke, alasiri watoto wakitoka chuo cha Kurani. Binti yangu wa miaka minane anakaa pembeni ananihesabia vishimo. Skuli walikuwa bado hawajafika kwenye jedwali la nane alipogundua kuwa mistari sita ya vishimo vinane ni arubaini na nane, akasita, akahesabu tena kwa kidole kwenye kitambaa, akaniangalia.

Kile kizibao kimeshatiwa rangi upya, kwa magadi, kikasuuzwa mara saba. Tunakifua na nguo nyeupe.