Je, mgonjwa analazimika kupimwa na mwanafunzi wa udaktari?

Watu wengi huamini kwamba anayelazwa katika hospitali ya kufundishia hana budi kukubali kupimwa na wanafunzi. Imani hiyo inaeleweka, kwani koti jeupe humfanya mtu anyamaze. Hata hivyo, maadili ya tiba yanamtaka mwanafunzi ajitambulishe kuwa ni mwanafunzi, aeleze anachokusudia kufanya, iwe kusikiliza mapafu au kupapasa tumbo, kisha aombe ridhaa. Na mgonjwa akikataa, matibabu yake hayapaswi kupungua hata kidogo. Wajibu wa kutunza siri nao humbana mwanafunzi tangu anapoingia wodini. Mwenye shaka asome kitambulisho, aulize daktari msimamizi ni nani, au aombe kuoneshwa mkataba wa huduma kwa mteja, yaani hati ya hospitali inayoeleza huduma na haki za mgonjwa.