Kuriampi gitaa: yanayosemwa na yalivyo

Nyumba za Mombasa zimebanana. Iwe Mji wa Kale, Majengo au Kisauni ndani ndani, ukiwasha ampu, kikuza sauti cha gitaa, saa nne usiku jirani atagonga ukuta kabla hujamaliza kupima sauti. Ndiyo maana wapiga gitaa wengi siku hizi huchomeka gitaa moja kwa moja kwenye intafesi ya kompyuta, kile kifaa cha kuingizia na kutolea sauti, wakapiga kwa hedifoni na kubaki na traki kavu: gitaa tupu, bila ampu. Mchana traki ile hutolewa tena kwenye kompyuta, ikapitishwa kwenye ampu ya kweli, maiki ikasimamishwa mbele ya spika, na sauti ikarekodiwa upya. Huko ndiko kuriampi. Kazi yenyewe si ngumu, ila imezungukwa na maneno mengi yasiyo kweli, na nimewaona vijana wakipoteza siku nzima kwa ajili yake.

La kwanza ni kwamba ampu itafuta makosa ya traki kavu. Haifuti, inayakuza. Noti iliyochelewa itachelewa vilevile, na sauti iliyopasuka kwa sababu kidhibiti cha kuingizia kilifunguliwa mno itabaki imepasuka hata uipitishe kwenye ampu ya bei gani. Acha kilele cha sauti kifike kama desibeli 12 chini ya kikomo. Ukirekodi kwa biti 24 hupotezi kitu. Na hakikisha umebonyeza kitufe cha gitaa kwenye intafesi. Tundu la gitaa huwa na ukinzani wa karibu mega-omu 1, sawa na ampu nyingi. Ukichomeka kwenye tundu la laini, lile la vifaa vya studio, lenye kilo-omu 10 hivi, pikapu, yaani sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, zinalemewa na ule mng'ao wa juu wa nyuzi unazimika. Anayepiga bango au chakacha anajua hasara yake, kwa sababu mng'ao ule ndio muziki wenyewe.

La pili: "Waya ni waya, toa kwenye intafesi utie kwenye ampu." Hapa pana ukweli nusu. Sauti itatoka, na mara nyingi ampu haitaungua kama wengine wanavyotishana. Lakini kiwango cha laini cha studio ni kama volti 1.23, na intafesi nyingi zinaweza kupanda mbali zaidi ya hapo, ilhali pikapu za kawaida hutoa sehemu tu ya volti. Isitoshe, ampu imezoea kukutana na gitaa lenye ukinzani mkubwa, si tundu la studio lenye ukinzani mdogo. Boksi la kuriampi linashusha kiwango, linapandisha ukinzani, na kwa transfoma yake linatenganisha ardhi ya kompyuta na ya ampu. Aliyelitengeneza na kulipa jina mwanzoni mwa miaka ya 1990 ni John Cuniberti, fundi wa sauti wa California. Kama huna boksi bado, anza na feda, kitelezi cha sauti cha traki, ikiwa chini kabisa, upandishe taratibu. Kipimo changu ni masikio: nachomeka gitaa kwenye ampu, napiga kipande kilekile, kisha napandisha traki mpaka ampu iitikie kwa namna ileile.

La tatu linanikera kuliko yote, maana linaweza kuua. Mvumo ukisikika, ule wa hezi 50 wa stima yetu, kuna anayekwambia ufungue plagi ya ampu na kukata waya wa ardhi. Usithubutu. Ndani ya ampu ya valvu mna mamia ya volti, na waya ule ndio unaokukinga hitilafu ikitokea huku mkono wako uko kwenye nyuzi za chuma. Mvumo mwingi hutokana na vifaa viwili kukutana ardhini kwa njia mbili. Dawa yake ni swichi ya kuachanisha ardhi iliyo kwenye boksi la kuriampi, au kuchomeka kila kitu kwenye soketi moja. Plagi iache na pini zake tatu.

Sasa njia zenyewe ndani ya kompyuta. Kijana mmoja wa Kisauni aliniita akiwa amekata tamaa. "Kaka, ampu inalia yenyewe, sijagusa kitu. Nadhani imekufa." Ampu ilikuwa nzima. Traki yake kavu ilitoka tundu la 3 la intafesi kwenda kwenye boksi, sawa. Lakini traki mpya, ile inayopokea maiki, aliifungulia usikilizaji, yaani isikike papo hapo inaporekodiwa, nayo ikatoka tundu la 3 pia. Maiki ikasikia spika, sauti ikarudi kwenye ampu, ikazunguka mpaka ikawa mluzi. Tukaitoa traki kavu kwenye masta, njia kuu ya sauti, ibaki na tundu la 3 peke yake. Traki mpya ikaenda masta, yaani 1 na 2, basi. Bado ikalia. Mkosaji wa pili alikuwa miksa ya intafesi yenyewe, programu ndogo inayokaa pembeni ambayo watu husahau kuwa ipo: ilikuwa ikipeleka maiki kwenye matundu yote. Tulipoifunga, kimya. Siku hizi kabla sijawasha ampu nachora njia kwenye karatasi, mshale kwa mshale, na maiki ikionekana ina mshale unaorudi kwenye boksi nasimama hapo.

Wapo wanaoamini kwamba anayetumia njia ya kidijitali mpaka kwenye kifaa cha kuiga ampu hana la kuhangaikia. Boksi kweli halihitajiki, kwa kuwa zinapita namba, si volti. Lakini vifaa viwili vikiendeshwa kila kimoja na saa yake utasikia vitone na mikwaruzo. Chagua kimoja kiongoze, kingine kifuate, na vyote viwe kwenye kasi moja, sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 au 48,000 kwa sekunde.

Bafa, yaani idadi ya sampuli ambazo kompyuta hukusanya kwa mkupuo, usiibane hadi 64, kwani hakuna anayepiga wakati huo. Weka 512 au 1024, kompyuta ipumue.

Kuhusu kuchelewa kwa sauti inapotoka kwenye kompyuta na kurudi, husemwa programu inasahihisha yenyewe. Inasahihisha kwa kadiri intafesi inavyoripoti, na ripoti hiyo si sahihi kila mara. Toa boksi na ampu, unganisha tundu la 3 na tundu la kuingizia kwa waya mfupi, rekodi mlio mmoja mfupi, kisha kuza picha uhesabu. Kwa kasi ya 48,000, sampuli 48 ni milisekunde 1, sawa na maiki kusogea kama sentimita 34 kutoka kwenye spika. Peke yake hutaisikia, ila ukichanganya traki iliyoriampiwa na ile kavu, sauti inakonda, tumbo la gitaa linapotea. Ya yule kijana ilichelewa kwa sampuli 61. Tukaiandika namba ile kwenye mpangilio wa kurekodi, tukarudisha ampu, na kazi ikaenda mpaka adhana ya alasiri.