Je, wajua kwa nini mkulima wa Hispania anaunyima mzeituni wake maji katikati ya jua kali?

Hebu jiweke Jaén, kusini mwa Hispania, mwezi wa saba. Joto linacheza kwenye nyuzi 40, mvua ya maana watu wameshaisahau, ardhi imekauka mpaka inapasuka, na kila kilima unachokitazama ni mizeituni tu, maana mkoa huo mmoja una mizeituni zaidi ya milioni 60. Mwenye shamba amelaza mipira ya dripu mstari kwa mstari, pampu anayo, bwawani kuna maji. Halafu anaenda zake kwenye valvu, anafunga. Au anaacha yatoke kidogo sana, na atakaa hivyo wiki kadhaa huku jua linachoma.

Ukimuonyesha hiyo picha mtu anayelima nyanya Ilula au Mwea atakwambia huyu jamaa ana shida. Kumbe anajua anachofanya, na nyuma yake kuna miaka zaidi ya 40 ya utafiti wa watu waliokuwa wanajiuliza swali moja la ajabu kidogo, kwamba mti ukiona kiu, ni lini kiu hiyo inaumiza mfuko na ni lini haiumizi?

Kwanza uelewe hali ya hewa ya kule Mediteranea imekaa kinyumenyume. Sisi huku mara nyingi mvua na joto vinakuja pamoja, unapanda, mvua inapiga, mahindi yanakwenda. Kule mvua inakuja wakati wa baridi, mmea umelala au unakua kwa kujivuta, na jua likishafunguka vizuri la kukuza kila kitu mvua ndo imeshaondoka mpaka vuli. Yaani chakula kinaletwa mezani wakati mgonjwa hana hamu, hamu ikirudi vyombo vimeshaoshwa. Kwa hiyo mmea wa asili wa kule ama umalize shughuli zake mapema kabla ya kiangazi, kama shayiri na ngano, ama ujifunze kuvumilia, na kwenye kuvumilia mzeituni ni fundi.

Chukua jani la mzeituni ulitazame kwa karibu. Dogo, gumu, juu lina nta inang'aa, chini lina rangi ya fedha. Hiyo rangi ya fedha ni vinyweleo vidogo sana vyenye umbo kama mwavuli, vimefunika vitundu vya kupumulia ambavyo kwa mzeituni viko upande wa chini peke yake, hivyo upepo mkavu haupiti moja kwa moja kunyonya maji. Lakini kazi kubwa iko kwenye kuvuta. Mimea mingi udongo ukishakauka mpaka maji yawe yameshikwa kwa nguvu ya kama bar 15 inakubali yaishe, inanyauka. Mzeituni kwenye ukame mkali majani yake yanaweza kuvuta kwa zaidi ya bar 60. Tairi la gari dogo linajazwa kama bar 2, sasa piga hesabu mwenyewe. (Hata ndugu yake wa huku kwetu ni mgumu hivyohivyo, ule mzeituni mwitu wa nyanda za juu ambao Wakikuyu wanauita mutamaiyu na Wamaasai oloirien, wanaochoma kijinga chake kusafishia vibuyu vya maziwa. Ni spishi moja kabisa na ule wa Hispania, ila tunda lake dogo sana.)

Sasa kuishi ni kitu kimoja na kuzaa ni kingine, mkulima hataki mti ulio hai tu, anataka mafuta. Hapo ndo utafiti unapoingia.

Wazo lenyewe halikuanzia Mediteranea, lilianzia Australia, sehemu inaitwa Tatura jimbo la Victoria, mwishoni mwa miaka ya 1970 kuingia ya 1980, kwenye mashamba ya pichi. Watafiti waliona tunda la pichi halikui kwa mwendo mmoja. Linakua mbio mwanzoni, halafu linapunguza kasi wakati kokwa ndani linakuwa gumu, halafu linakimbia tena kuelekea kuiva. Wakajaribu kubana maji pale katikati wakati tunda limetulia. Matawi yakaacha kurefuka ovyo, ila pichi zilipofunguliwa maji tena zikaja vilevile. Yaani maji mengi waliyokuwa wanamwaga kipindi kile yalikuwa yanalisha matawi ambayo baadaye mtu anayakata kwa mkasi!

Mzeituni nao una hatua zake. Maua mwezi wa nne na wa tano, kutunga tunda, kisha mwezi wa saba na wa nane kokwa linakomaa, na kuanzia mwishoni mwa wa nane mpaka wa kumi ndo tunda linajaza mafuta. Ukiubania maji wakati wa maua umejimaliza, maua yanapukutika na mavuno ya mwaka huo yameondoka. Ukiubania wakati wa kujaza mafuta, hasara pia. Lakini pale katikati kokwa likiwa linakomaa mti unavumilia, na unaweza kuokoa theluthi ya maji ya msimu au hata zaidi huku mafuta yakipungua kidogo tu. Tena zeituni iliyonyweshwa sana inakuwa na maji mengi ndani, kinuni inakuwa uji unaosumbua kuachia mafuta, na ule ukali unaowasha koo ambao wajuzi wa mafuta wanautafuta unapungua. Cha kushangaza kidogo ni kwamba kile kipindi ambacho mtu yeyote mwenye huruma angekimbilia mpira, jua la utosi, ndo kipindi ambacho mti unavumilia kuukosa kuliko vipindi vingine.

Swali linalofuata ni la mtu makini: unajuaje mti umefika kwenye kiu ya kawaida na haujavuka kwenda kwenye kiu ya kuua? Kwa macho huwezi, mzeituni hauonyeshi, mahindi yatajikunja lakini huu umekaa tu. Kuna chombo kinaitwa chemba ya presha, kilichopata umaarufu kupitia Per Scholander mwaka 1965. Mchana unalifunika jani kwa mfuko wa foili kama saa nzima likiwa bado mtini, unalikata, unalitia ndani ya kichemba cha chuma likiwa limefungwa vizuri na kikonyo kimechungulia nje kupitia mpira, halafu unafungulia gesi ya naitrojeni taratibu huku umekodolea macho kile kikonyo. Gesi inalibana jani mpaka ghafla kitone cha maji kinachomoza pale ulipokata. Hapohapo unasoma geji. Presha iliyohitajika kukitoa kitone ndiyo nguvu ambayo mti ulikuwa unatumia kukivuta. Ikisoma kama bar 12 mpaka 14 mti umeshiba, kipindi cha kokwa wanauacha ufike bar 20 hivi, ukizidi hapo wanafungua valvu. Mi napenda hii kitu kwa sababu haibahatishi, unauliza mti wenyewe badala ya kuuliza udongo au mawingu.

Waaustralia haohao miaka ya 1990 walikuja na ujanja mwingine kwenye mizabibu, unamwagilia mizizi ya upande mmoja tu na mwingine unauacha ukauke, halafu baada ya muda unageuza. Mizizi ya upande mkavu inapeleka homoni inayoitwa asidi ya absisiki mpaka kwenye majani kwamba jamani huku hali mbaya, majani yanabana vitundu, huku upande wa pili mti unakunywa kama kawaida. Ni kama kuudanganya mti. Ila tafiti nyingi zilizofuata zikakuta ukitoa kiasi kilekile cha maji pande zote mbili matokeo mara nyingi hayatofautiani sana, sasa mkulima anajiuliza mbona anunue mipira mara mbili.

Na wakati wataalamu wanahangaika na chemba na homoni, wazee wa Sfax huko Tunisia walishatatua tatizo bila hata bomba. Pale mvua ni kama milimita 200 tu kwa mwaka, na wao wanapanda mzeituni mmoja kila mita 24, yaani miti kama 17 kwa hekta nzima. Linganisha na mashamba ya kisasa ya Hispania yanayobana miti 1,500 na zaidi kwa hekta kama ua wa nyumba. Ukipita Sfax unaona udongo mtupu mwingi unadhani wamepoteza ardhi, kumbe chini kote kumejaa mizizi inayokusanya mvua ya eneo kubwa kwa ajili ya mti mmoja.

Kwenye mazao ya msimu nako hadithi ni ileile ya saa. Zamani Syria na majirani zake dengu (chickpea kwa Kiingereza) walikuwa wanapanda wakati baridi inaisha, zinakuta mvua imekata, zinaokoteza unyevu uliobaki. Kwa nini wasipande mapema? Kwa sababu dengu iliyokaa kwenye baridi na unyevu inaliwa na ugonjwa wa ukungu mpaka shamba linaisha. Kituo cha utafiti cha ICARDA, kilichoanzishwa mwaka 1977 na kuweka makao karibu na Aleppo, kikazalisha dengu zinazohimili ule ukungu na ile baridi, watu wakaanza kupanda mwanzo wa mvua, mavuno yakapanda sana. Ukiangalia vizuri dengu hizo zilishinda ukame kwa kinga ya ugonjwa, wala si kwa kufundishwa kuvumilia kiu. Vita ilipofika Aleppo kituo kikahama, lakini nakala za mbegu zilikuwa zimeshapelekwa kwenye hifadhi ya Svalbard kule Norway, na mwaka 2015 ICARDA wakawa wa kwanza kabisa kwenda kuzichukua, wakazipanda upya Lebanon na Morocco.

Sasa kuna sehemu haisemwi sana. Hispania ilimwaga pesa nyingi kubadilisha mifereji kuwa dripu, na kilimo pale kinachukua karibu asilimia 80 ya maji yanayotumika, kwa hiyo ungetegemea mito ipumue. Sehemu nyingi haikupumua. Mkulima akiokoa maji hayarudishi mtoni, anaongeza hekta au anahamia zao linalokunywa zaidi, na yale maji ambayo zamani yalivuja kwenye mfereji yalikuwa yanarudi ardhini na kuwafikia wa chini. Mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha makala iliyolieleza hili kwa mapana, kwamba ufanisi shambani unaweza kabisa kuongeza maji yanayopotea kwenye bonde zima. Kwa hiyo kumnyima mti maji ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni nani anayeandika kwenye daftari kwamba yale yaliyookolewa hayaguswi, na hiyo si kazi ya mtaalamu wa mimea.

Halafu valvu haiwezi kila kitu. Msimu wa 2022/23 mafuta ya zeituni ya Hispania yalianguka mpaka tani 665,000 hivi kutoka karibu milioni 1.5 msimu uliotangulia, ukame na joto vyote vikipiga pamoja, ndo maana bei zilipaa hivyo. Tarehe 27 Aprili 2023 uwanja wa ndege wa Córdoba ulipima nyuzi 38.8, rekodi ya mwezi wa nne kwa Hispania bara, na huo ndo msimu mizeituni inajiandaa kuchanua. Ua likishaungua hata uliogeshe mti haurudishi. Pale Córdoba kuna benki ya mizeituni tangu 1970, mamia ya aina kutoka nchi mbalimbali zimepandwa mistari, na kila masika watu wanapita wanaandika ipi imechanua tarehe ngapi, maana aina inayotangulia au kuchelewa hata wiki moja tu inaweza ikawa imelikwepa lile joto.