Kuanza mbio ndefu ukiwa mtu mzima: maswali na majibu

Klabu za jogging zimeenea mitaani Dar es Salaam, na wengi wanaojiunga ni watu wa miaka 30 hadi 50 walioambiwa hospitali kwamba presha au sukari imeanza kupanda. Baadhi huacha mapema, na si kwa uvivu. Goti, ugoko au kisigino kimeuma. Chanzo mara nyingi ni kimoja: moyo na pumzi huzoea mazoezi ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano huhitaji miezi. Mtu anayejisikia mwepesi huongeza mwendo wakati miguu yake bado haijawa tayari. Karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye jambo hilo.

Kukimbia kunausaidia mwili kwa njia gani hasa?

Moyo ni msuli. Ukizoeshwa kufanya kazi ya wastani kwa muda mrefu, husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, kwa hiyo mtu akiwa amepumzika mapigo yake hupungua. Unaweza kufuatilia mwenyewe: asubuhi kabla hujainuka kitandani, weka vidole viwili upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 30 kisha zidisha kwa mbili. Andika namba hiyo kila wiki.

Kwa mwenye presha, namba ya juu inaweza kushuka kwa pointi 5 hadi 8 baada ya miezi kadhaa ya mazoezi ya mfululizo. Hiyo ni faida kubwa, lakini usiache dawa kwa sababu yake. Anayepunguza dozi ni daktari.

Kuhusu sukari, misuli inayofanya kazi huivuta kutoka kwenye damu, na insulini huendelea kufanya kazi vizuri zaidi kwa siku moja hadi mbili baadaye. Ndiyo maana kukimbia mara tatu kwa wiki, siku zikiachana, kunafaa kuliko Jumamosi moja ya kilomita 15. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi mazito.

Uzito ndio unaowavunja watu moyo. Mtu wa kilo 80 hutumia takriban kilokalori 80 kwa kila kilomita. Akikimbia kilomita tano, kisha akanywa soda ya nusu lita na kula chapati, karibu zote zimerudi. Mbio bila kubadili sahani hupunguza uzito polepole sana.

Je, ni lazima nimwone daktari kwanza?

Si kila mtu. Lakini usianze kabla ya kupimwa ikiwa unabanwa kifua unapopanda ngazi, umewahi kuzimia ukiwa kwenye shughuli nzito, au una ndugu wa damu aliyefariki ghafla kwa moyo akiwa bado kijana. Ni hivyo hivyo kwa wenye presha, kisukari, ugonjwa wa figo au wa moyo, na kwa mjamzito. Presha ikiwa 180/110 au zaidi, tembea tu na urudi kliniki hadi ishuke.

Mweleze daktari dawa unazotumia. Atenolol na propranolol, dawa za presha na moyo, huzuia mapigo kupanda, kwa hiyo kupima juhudi kwa kuhesabu mapigo kutakudanganya. Hydrochlorothiazide, dawa ya presha inayokojoza, hukutoa maji kabla hata jasho halijaanza. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vya glibenclamide, sukari yake inaweza kushuka mno njiani: apime kabla ya kutoka, ikiwa chini ya 5 mmol/L ale kwanza, na siku zote awe na glukosi au vijiko vitatu vya sukari mfukoni.

Mwenye selimundu aandaliwe programu na daktari wake. Aliyerithi kinasaba kimoja tu anaweza kukimbia, lakini aepuke mbio za kasi za ghafla, hasa kwenye joto na bila maji ya kutosha. Misuli inaweza kuharibika vibaya, na watu wamewahi kufa kwa hali hiyo.

Nianze vipi?

Kwa dakika, si kwa kilomita. Chagua siku tatu, mfano Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kila siku tembea haraka dakika 5 mwanzoni na dakika 5 mwishoni. Katikati, wiki ya kwanza na ya pili, kimbia dakika 1 tembea 2, mara nane. Wiki ya tatu na ya nne kimbia 2 tembea 2, mara saba. Ya tano na ya sita, kimbia 4 tembea 1, mara sita. Ya saba na ya nane, kimbia 8 tembea 2, mara tatu. Kuanzia wiki ya tisa jaribu dakika 20 bila kusimama, kisha 25, kisha 30.

Wiki ikikushinda, irudie. Mtu wa kilo 100 au wa miaka 60 anaweza kukaa kwenye kila hatua wiki tatu au nne badala ya mbili, na hakuna anachopoteza.

Nitajuaje kama mwendo wangu ni sahihi?

Zungumza. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, mwendo ni sawa. Ukibaki na maneno mawili matatu kati ya pumzi, punguza, hata kama wanaotembea watakupita. Huko Iten na Eldoret, Kenya, wakimbiaji wa kiwango cha dunia huanza mazoezi ya asubuhi wakijikokota, na sehemu kubwa ya kilomita zao za wiki ni za mwendo mwepesi. Mgeni katika klabu ndiye hukosea hapa: nyimbo na vifijo vya kundi humvuta kwenye kasi ya waliozoea. Kaa nyuma kabisa, au mwambie kiongozi kwamba unatembea na kukimbia kwa zamu. Klabu nzuri ina kundi la polepole.

Mbona maumivu yalianza wiki ya sita, wakati pumzi imekwisha kuwa nzuri?

Kwa sababu ndipo ulipoongeza. Mfupa unaopigwa mara kwa mara hujikarabati: kwanza tishu iliyochoka huondolewa, kisha mpya hujengwa. Kati ya hatua hizo mbili kuna wiki kadhaa ambapo mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza. Kano ni taratibu zaidi kwa kuwa damu inayozifikia ni kidogo.

Ugoko unaouma kwenye eneo refu upande wa ndani, ukipungua mwili ukishapata moto, unataka upunguze kilomita kwa nusu na uhamie kwenye udongo au nyasi. Maumivu chini ya kisigino yanayochoma kwenye hatua za kwanza za asubuhi ni ya utando wa unyayo: nyoosha nyayo na vigimbi vya miguu mara tatu kwa siku, na usitembee peku kwenye sakafu ngumu. Goti linalouma mbele unaposhuka ngazi mara nyingi linalipia udhaifu wa mapaja na nyonga. Kukaa na kuinuka kwenye kiti mara 15, raundi tatu, siku tatu kwa wiki, kunasaidia kuliko bandeji.

Ambayo si ya kuvumilia ni maumivu ya sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa ncha ya kidole, yanayozidi kila unapokimbia, yanayouma hata usiku, na yanayokushtua ukiruka kwa mguu mmoja. Huo huenda ni mfupa ulioanza kupasuka. Acha kukimbia siku hiyo hiyo uende hospitali. Eksirei ya wiki za mwanzo inaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo majibu safi hayakupi ruhusa ya kurudi barabarani.

Na hofu ya kwamba mbio zinamaliza magoti? Wanaokimbia kwa ajili ya afya hawapati ugonjwa wa kulika kwa gegedu (tishu inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) zaidi ya wanaokaa tu.

Raba za mitumba zinafaa?

Zinafaa, ukijua kuzikagua. Raba ya mbio hudumu kati ya kilomita 500 na 800, na kinachochoka kwanza ni sponji ya katikati, si soli inayogusa ardhi. Muuzaji anaweza kuisafisha hadi ing'ae na sponji ikawa imekufa. Ibonyeze pembeni kwa kidole gumba: iliyo hai huingia na kurudi, iliyokufa ni ngumu au imejaa mikunjo. Iweke mezani uitazame kwa nyuma. Ikilalia upande mmoja, iache, maana imeshachukua umbo la mguu wa mwenzio. Ikunje: inatakiwa ipinde kwenye vidole, si katikati.

Nunua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na ubakize nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Ikibana, kucha zitakuwa nyeusi ndani ya mwezi.

Kichomi cha mbavuni nikifanye nini?

Punguza mwendo, bonyeza panapouma, na toa pumzi ndefu kwa nguvu mara kadhaa. Mara nyingi hutokea kwa aliyekula au kunywa kingi muda mfupi kabla. Kichomi hakina madhara, lakini kubanwa katikati ya kifua kunakoenda kwenye mkono au taya si kichomi. Simama na utafute msaada.

Pwani kuna joto. Ninywe maji kiasi gani?

Kinachoupoza mwili ni jasho linapokauka. Hewa ya Dar, Tanga au Mombasa ina unyevu mwingi, jasho hutiririka bila kukauka, na joto hubaki ndani. Toka saa 11:30 alfajiri, umalize kabla ya saa 1 asubuhi. Vaa kitambaa chepesi kisichonyonya maji, pamoja na hijabu kwa anayevaa. Anayeshuka kutoka Arusha, Mbeya au Nairobi ajipe siku 10 hadi 14 za mwendo wa chini mpaka mwili uzoee.

Kunywa nusu lita saa mbili kabla. Mbio zisizofika saa moja hazihitaji chupa mkononi. Zikizidi hapo, kunywa kidogo kidogo ukisikia kiu; kwa wengi huwa mililita 400 hadi 800 kwa saa. Jipime uzito kabla na baada: kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji. Uzito ukiongezeka, umekunywa kupita kiasi, na hilo ni hatari kwelikweli, kwa sababu chumvi ya damu huzimuliwa. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba, kuchanganyikiwa na hata degedege. Huwapata zaidi wakimbiaji wa polepole wanaokunywa kikombe kizima kila meza ya maji kwa saa nne au tano. Madafu ni mazuri, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Ongeza chumvi kidogo.

Mwenzako akianza kuyumba, kuongea yasiyoeleweka na ngozi yake ni ya moto, usisubiri aache kutoka jasho. Mweke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, mwekee barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena, huku usafiri wa hospitali ukitafutwa. Asiye na fahamu asipewe kitu mdomoni.

Nile nini?

Kwa dakika 30 au 40 za alfajiri, mtu asiye na kisukari anaweza kwenda bila kula. Kwa mbio ndefu, kula ndizi mbivu mbili au kikombe cha uji saa moja kabla. Ugali au wali uwe umeliwa saa tatu kabla ya mbio. Maharage, kabichi na chipsi za usiku wa jana ndizo huwapeleka watu vichakani. Ukizidi dakika 90, ndizi kubwa moja au tende tano kila saa hukupa wanga wa kutosha. Baada ya hapo, viazi au wali pamoja na yai, samaki au mtindi.

Wanawake waangalie damu. Uchovu usioisha na pumzi kukatika kwenye mwendo uliokuwa mwepesi ni sababu ya kupima hemoglobini. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Iahirishe kwa saa moja.

Naweza kumeza diklofenak kabla ya mbio ili nisiumie?

Hapana. Diklofenak na ibuprofen hupunguza damu inayofika kwenye figo, na wakati wa mbio damu hiyo imeshapungua kwa jasho na kazi ya misuli. Figo zinaweza kusimama. Tena dawa inaficha maumivu ambayo yangekuzuia usivunje mfupa.

Nimetoka kuugua malaria, nirudi lini?

Homa ya aina yoyote, usikimbie, maana baadhi ya maambukizi hushambulia moyo wenyewe. Baada ya malaria, maliza dozi, subiri homa na uchovu viishe, kisha anza kwa kutembea wiki nzima. Bandama inaweza kuwa bado imevimba. Maumivu ya kushoto chini ya mbavu ni ya kuonyesha kituo cha afya.

Na Ramadhani?

Dakika 30 nyepesi kabla tu ya futari, au saa mbili baada yake. Mbio ndefu baada ya daku zinakuacha bila maji mchana kutwa. Mwenye kisukari anayetumia dawa apange na daktari kabla mwezi haujaandama.

Lini naweza kukimbia nusu marathoni?

Jipe miezi saba au minane kutoka sifuri. Ukishaweza dakika 30 mfululizo, refusha mbio za wikendi kwa kilomita moja kila wiki, na kila wiki ya nne uipunguze kwa theluthi ili mifupa ijenge. Ukifika kilomita 18 ukiwa unaongea, 21.1 zinawezekana.

Mfano ni mbio za Kilimanjaro, Moshi, ambazo kwa kawaida huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Anayezilenga aanze Julai. Njia ya nusu marathoni hupanda kuelekea Mweka kisha hurudi mjini, na kushuka ndiko kunakoumiza mapaja, kwa kuwa msuli hubeba uzito huku ukirefuka. Kuanzia Desemba, tafuta mteremko mpole na ushuke dakika tano tano kwa hatua fupi, mara moja kwa wiki. Wiki ya mwisho kimbia nusu tu ya ulichozoea, na siku ya mbio usivae raba mpya.