Setilaiti za vyuo vikuu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Setilaiti inayoenea kiganjani ni ya maonyesho tu.

Ukweli: 1KUNS-PF, setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 kila upande, na humo mlikaa betri, kompyuta, redio na kamera. Kipimo hicho kilipangwa makusudi mwaka 1999 na Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs, walimu wa vyuo vikuu Marekani, ili mwanafunzi aweze kubuni setilaiti, kuiunda na kuijaribu akiwa bado chuoni.

Dhana: Kila kipande chake ni cha bei ya kutisha.

Ukweli: Itazame antena. Katika setilaiti nyingi za aina hii antena ni vipande vya futi ya chuma, ile ile ya fundi seremala, vilivyokunjwa ubavuni na kufungwa kwa uzi wa mshipi wa kuvulia samaki. Setilaiti ikishaachiwa angani husubiri dakika 30, kisha umeme hupasha moto kifaa kidogo kinachogusa uzi. Uzi unakatika, futi inajinyoosha yenyewe. Usipokatika, setilaiti inakuwa bubu na hakuna wa kuifuata huko juu. Kwa hiyo wanafunzi hulirudia jaribio hilo moja tena na tena, kwenye baridi, kwenye joto, ndani ya chombo kilichonyonywa hewa. Gharama kubwa iko huko kwenye majaribio, na kwenye nauli ya roketi. Mimi naona hapo ndipo uhandisi unapofundishika kuliko darasa lolote.

Dhana: Nchi isiyo na roketi isijisumbue.

Ukweli: 1KUNS-PF ilipanda kama mzigo kwenye roketi ya SpaceX mwezi Aprili 2018, ikafikishwa Kituo cha Kimataifa cha Anga, na tarehe 11 Mei ikaachiwa kutoka Kibo, maabara ya Japani iliyo kwenye kituo hicho. Nafasi hiyo ilitolewa na mpango wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani. (Kibo kwa Kijapani ni matumaini, kwetu ni kilele cha Kilimanjaro.)

Dhana: Wageni wakishiriki, setilaiti si yetu.

Ukweli: Nairobi walishirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, na Waitaliano si wageni wa jana: mwaka 1967 walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. PearlAfricaSat-1 ya Uganda nayo iliundwa na vijana wa Uganda waliokuwa masomoni Japani. Ujuzi wa mikono hupatikana kwa kukaa karibu na anayeujua.

Dhana: Zikizimika hubaki takataka milele.

Ukweli: Kwenye kimo cha kilomita 400, ilikoachiwa 1KUNS-PF, bado kuna hewa kidogo inayoipunguzia setilaiti mwendo. 1KUNS-PF ilishuka ikaungua mwaka 2020. Zinazopelekwa kilomita 800 huweza kukaa zaidi ya miaka 100, na kwa hizo hofu hiyo ni ya haki.